Wakubwa Watatu wa Beth-Areli

Kila alfajiri ukungu ulipanda kutoka mabondeni, ukakifunika kijiji cha Beth-Areli. Watu walipita humo na mitungi yao polepole, kama wanaotembea ndotoni. Asrieli alipita nao, akaenda kuketi kwenye jiwe la langoni. Hapo ndipo marehemu baba yake alipokuwa akiamua mambo ya kijiji.

Asrieli aliamua mipaka ya mashamba. Aliamua zamu za kuteka maji. Aliamua hata mbuzi wa nani kala mboga za nani. Jioni alisinzia na mkate mkononi. Mkewe, Hogla, alimsihi agawe kazi. Yeye akajibu kwamba baba yake hakusaidiwa na mtu.

"Baba yako alikuwa na nyumba kumi, mume wangu," Hogla alisema. "Wewe unazo sitini."

Mwishoni mwa kiangazi, Naara alikuja langoni. Alikuwa mjane, mfinyanzi wa vyungu. Watu walikuwa wengi mbele yake, jua likazama kabla hajasikilizwa. Kesho yake ikawa vilevile. Siku ya tatu alifika mbele, lakini Asrieli alikuwa hoi. Aliuona mdomo wa Naara ukicheza, maneno yakielea mbali kama moshi. Akaitikia kwa kichwa tu, akamwita mwingine.

Asubuhi ya nne ndoo zilitoka na matope. Birika la mwambani, lililotunza maji ya mvua ya kijiji kizima, lilikuwa limepasuka. Maji yalikuwa yamepotelea ardhini, na mvua ilikuwa bado majuma manne.

Asrieli alishuka birikani. Ndani mlikuwa na baridi na kimya. Naara alikuwa humo tayari, akipapasa ufa kwa vidole.

"Hili ndilo nililokuja kukwambia, mzee."

"Mbona hukuziba?"

"Ningeziba kwa ruhusa ya nani? Hapa hata mbuzi hakohoi bila wewe."

Asrieli aliketi kwenye jiwe, machozi yakamlenga. Yakini, Mlawi aliyewafundisha watu torati, akashuka na taa, akaketi kando yake.

"Aliyewaongoza baba zetu kutoka Misri alikuwa peke yake?" akauliza.

"Ndivyo ninavyojua."

"Ulimi wake ulikuwa mzito, kaka yake akamsemea. Dada yao akawaongoza wanawake kwa matari kando ya bahari. Siku ya vita mikono aliyoiinua kiongozi huyo ilichoka, wawili wakaishikilia mpaka jua likatua. Je, alipungua?"

"Hakupungua," Asrieli akasema.

Yakini akamkumbusha pia shauri la mkwe wa kiongozi yule. Mkwe huyo alimwambia achague watu waaminifu waamue mambo madogo, yeye abaki na mazito, la sivyo angedhoofika pamoja na watu wake.

Siku ile ile Asrieli aliita kijiji. Alimpa Naara mamlaka ya maji yote: kugawa, kufunga na kutengeneza. Hogla alipewa ghala la shayiri, pamoja na kugawa sehemu ya wajane na wageni. Yeye alibaki na kesi nzito. Mzee mmoja akanung'unika kwamba maji hayashikwi na mwanamke.

"Nabii mwanamke aliamua kesi za Israeli chini ya mtende," Asrieli alimwambia, "na jemadari akakataa kwenda vitani bila yeye. Wewe mwenzangu unaogopa ndoo?"

Majuma manne walichota maji kwenye chemchemi ya bondeni, kwa zamu za Naara. Aliyeruka zamu alirudishwa nyuma, na hakuna aliyegombana. Naara na vijana walilipiga birika lipu ya chokaa, tabaka juu ya tabaka. Kisha mvua ikashuka. Watu walikaa kimya majumbani, wakisikiliza maji yakiingia gizani chini ya miamba. Hakuna tone lililopotea.

Wakati wa mavuno mgeni alipita langoni, amejaa vumbi. Akauliza mkubwa wa kijiji ni nani.

Asrieli alikuwa ameegemea ukuta, anaota jua.

"Inategemea," alijibu. "Una kiu, una njaa, au una kesi?"