Kulungu wa Barabarani Ana Sheria Yake

Katika bonde letu lote la Bitterroot, hapa Montana, hakuna anayejua mambo ya nyama ya porini kunishinda mimi, Wade Nygaard. Nina miaka kumi na tisa na sekondari nimemaliza. Kulungu wa kwanza nilimchuna kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Sheria zote ninazo kichwani. Ukiwa na swali, niulize mimi.

Nyumbani kwetu mwindaji ni mama. Kila mwaka huingia msituni na bunduki yake, na friza yetu hujaa kulungu wa kutuvusha baridi yote. Mwaka huu aliteleza ngazini akavunjika mkono. Msimu mzima mkono ulikuwa kwenye plasta, basi nikaenda kuwinda mimi. Nilipiga risasi nne. Miti mitatu na jiwe moja havitanisahau.

Msimu ukafungwa. Ndani ya friza mlikuwa na barafu na mfuko mmoja wa njegere. Mama hakulalamika. Kila jioni alipika maharage, akayasifu mwenyewe kwa kuwa sisi tulinyamaza. Ila nilimwona mara nyingi akifungua friza, akitazama, akaifunga polepole. Nyama ya dukani hatuiwezi, na wadogo zangu wawili wako kwenye umri wa kula hata meza.

Asubuhi moja ya Desemba nilikuwa njiani kwenda kazini, kiwanda cha mbao. Gari lililokuwa mbele yangu likamgonga kulungu jike, mnene, akafa papo hapo. Dereva alikuwa mzima. Alipiga simu polisi, akasema yeye kulungu hamtaki, akaondoka, gari limebaki na taa moja.

Nikamshukuru Mungu, nikatoa kisu. Nilimvuta pembeni, nikampasua, nikatupa matumbo mtaroni. Ndivyo tunavyofanya msituni siku zote: matumbo tunawaachia kunguru na mbweha. Nilikuwa najipongeza pale pikapu ya Bi. Verna ilipopunguza mwendo ikasimama.

Bi. Verna ni jirani yetu. Alifanya kazi idara ya barabara miaka ishirini na miwili, na moja ya kazi zake ilikuwa kuokota wanyama waliogongwa. Aliteremsha kioo, akaniuliza kama nina kibali. Nikamjibu kwamba kibali ni cha wawindaji, na huyu amewindwa na gari.

Hakucheka.

"Bwana mjuaji," akasema, "huyo bado ni mnyama wa serikali. Sheria inakuruhusu umchukue mkamle, lakini lazima uombe kibali ndani ya saa ishirini na nne. Ni bure. Unajaza kwenye hiyo hiyo simu unayochezea kutwa. Ofisa wa wanyamapori akikukuta huna, nyama itaondoka na faini itabaki."

Mawazoni nikamwona mama akifunga friza tupu.

Bi. Verna akashuka, akaangalia mtaroni, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mnyama wa barabarani huchukuliwa mzima: kichwa, ngozi, kwato, matumbo. Hakiachwi kitu.

"Lakini msituni tunaacha," nikasema.

"Msituni hakuna malori, Wade. Hapa kila atakayekuja kula matumbo yako, naye atagongwa."

Hajafunga mdomo, tai mkubwa akatua kwenye matumbo, akanyofoa kipande, akakivuta hadi kwenye lami. Wakati huohuo lori la magogo likatokea kwenye kona. Nikaruka barabarani, nikapunga mikono, nikapiga kelele kama kichaa. Tai akapaa, mabawa yakakosa kioo cha lori kwa upana wa kiganja.

Basi tukaokota yote, tukayatia kwenye mifuko ya taka, tukamfunga kulungu kwenye turubai. Bi. Verna alinionyesha namna ya kumkagua. Macho yalikuwa maangavu. Mwili ulikuwa na joto bado. Tumbo halikuwa limevimba wala kunuka. Akaniambia nyama ya upande uliogongwa, ile yenye damu iliyovilia, niikate niitupe, na iliyobaki niipoze haraka. Akaongeza kwamba siku nikimkuta mnyama bado anapumua, nisimguse kabisa. Nipige simu, ofisa aje kummaliza mwenyewe.

Kibali nilikijaza palepale kwenye simu. Kilichukua muda mfupi kuliko kuagiza piza. Mifuko ya matumbo ikaenda jalala la wilaya. Kichwa tulikipeleka ofisi ya wanyamapori kikapimwe ule ugonjwa wa ubongo unaokondesha kulungu hadi kufa, na nyama tukaigandisha bila kuionja.

Wiki zile za kungoja majibu mama alifungua friza kila siku, ila sasa alikuwa anahesabu mafurushi. Majibu yakaja: hana ugonjwa. Mama aliketi, akafuta macho kwa mkono mzima, akaniagiza nimwite Bi. Verna kwa chakula cha Jumapili.

Nyama iliiva vizuri na viazi na karoti. Mama aliomba dua ndefu kuliko ya Krismasi. Alimshukuru Mungu kwa mnyama, kwa sheria isiyoacha nyama ioze huku watu wana njaa, na kwa jirani asiyepita akakuacha kwenye ujinga wako. Kisha akamshika Bi. Verna mkono. "Dada, umetulishia watoto," akasema, akamjazia nyama kwenye sahani.

Nikaona meza imekuwa nzito, niichangamshe. Nikawasimulia wadogo zangu habari ya tai, nikasimama kabisa ili niwaonyeshe nilivyoruka mbele ya lori na kupunga mikono. Walikuwa wameacha hata kutafuna.

Bi. Verna akajipakulia mchuzi bila haraka.

"Tai alipaa kwa sababu nilikimbilia pikapu nikapiga honi," akasema. "Wewe ulikuwa umelala kifudifudi mtaroni. Na matumbo ulikuwa umeyakumbatia."