Chupa Nzima, Si Tone

Kila Jumapili baada ya ibada, Yuditha alichukua daftari lake na kuzunguka kambi ya wakata mkonge, mlango kwa mlango, akitafuta watu wa kutoa damu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Akifukuzwa mlango huu, alibisha hodi unaofuata.

Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Alipewa na Mama Noorjahan, mwenye duka la vitambaa mjini Korogwe. Mama huyo alianzisha Chama cha Damu baada ya mwanawe wa pekee kufa kwa ugonjwa ambao wengi hawajapata hata kuusikia: damu yake haikuganda. Akijikata kidogo tu, jeraha halikufunga. Wilaya nzima walijulikana watoto watatu wenye ugonjwa huo, na mmoja wao alikuwa Kaleb, mdogo wake Yuditha, mwenye miaka sita. Miaka ile ya Waingereza, mtoto wa namna hiyo akivuja damu, tegemeo lilikuwa moja tu: kuongezewa damu ya watu wengine. Kwa hiyo wanachama walijitolea, kila mtu kwa alichonacho. Kantilal, mfanyabiashara wa mjini, alitoa lori lake la kuwachukulia watu. Laurenti, baba yake Yuditha, alitoa damu.

Lakini Yuditha alikuwa na ujanja wake. Alipoona watu wanasita, alibuni maneno matamu.

"Ni tone moja tu, baba. Kama kuumwa na mbu."

Watu walicheka, wakakubali. Daftari likapata majina kumi na moja, naye akatembea kambini kifua mbele. Alijua vizuri kwamba kila mtu angetolewa chupa nzima. Alijiambia kuwa wakishafika hospitali, watazoea.

Ijumaa moja Kaleb aling'oka jino. Kwa mtoto mwingine jino lingetupwa juu ya paa na habari zikaisha. Kufikia Jumamosi asubuhi mto wake ulikuwa umelowa damu, na yeye amelegea, hawezi hata kulia. Mama yao, Stefania, alimbeba mgongoni, wakapanda basi na Yuditha hadi hospitali ya Korogwe. Daktari alimtazama Kaleb, akasema zinahitajika chupa mbili kabla ya jua kutua. Laurenti alikuwa ametoa damu mwezi uliopita, hivyo hakuruhusiwa kutoa tena.

"Nenda na lori ukawalete watu wako," Mama Noorjahan alimwambia Yuditha. "Mimi nitabaki na mama yako."

Sasa, wiki hiyohiyo Kantilal alikuwa amelipaka lori rangi mpya kwa heshima ya chama. Alichagua nyekundu, kuanzia mbele hadi nyuma! Mtu mwema yule hakukumbuka kwamba watu wa mashambani kote waliamini mumiani, wanyonya damu, hutembea kwa gari jekundu.

Lori lilipoingia kambini, wakata mkonge walikuwa ndio kwanza wametoka kazini.

"Mumiani!" mtu alipiga kelele.

Masufuria yaliachwa motoni. Wanaume waliojisifu kila siku kwa nguvu zao walitimua mbio, wakajitosa katikati ya mkonge bila kujali miiba. Alibaki Bernardo, nyapara wao, amesimama mlangoni pa nyumba yake na panga mkononi.

"Shikamoo, baba," Yuditha alimwamkia kutoka juu ya lori.

"Marahaba. Shuka hapo! Uliwaambia watu ni tone. Jana mtu aliyetoka hospitali katueleza kwamba alitolewa chupa. Chupa! Unatuuza kwa mumiani?"

Yuditha alihisi uso ukimwaka. Mbaruku, dereva, alimnong'oneza dirishani, "Waambie yule kasema uongo, ni tone tu. Mtoto anakufa, bwana wee!"

Ilikuwa rahisi sana kusema hivyo. Yuditha alipanda juu ya kibanda cha dereva, akasimama wima.

"Sishuki!" alisema kwa nguvu ili waliojificha wasikie. "Nilidanganya. Si tone, ni chupa nzima! Utasikia kizunguzungu, utalala kidogo, na kesho hutakuwa na nguvu za kukata mkonge. Damu hiyo haiuzwi. Inaingia kwa Kaleb, mnayemjua wote. Asiyeamini apande bila kutoa chochote, akae kando ya kitanda na kutazama chupa inakokwenda. Na asiyetaka kwenda kutazama, asituite mumiani!"

Kisha mkata mkonge mmoja, Hiza, akatokea kwenye mkonge, mikono imechanwachanwa.

"Mimi nakwenda kutazama," alisema.

"Na mimi," alisema Bernardo. "Na panga langu."

"Njoo nalo, baba."

Walipanda watu saba. Walipofika hospitali, muuguzi alilichukua panga mlangoni, Bernardo akanung'unika. Daktari alipima damu zao, akasema ya Hiza na ya Bernardo zinafaa. Hiza alilala kwanza. Chupa yake ilipojaa, Bernardo aliifuata hatua kwa hatua hadi ilipotundikwa juu ya kitanda cha Kaleb. Akasimama pale muda mrefu, akimtazama mtoto. Kisha akakunja mkono wa shati.

"Chupa nzima?"

"Nzima, baba."

"Haya."

Jua lilipozama, damu ya Kaleb ilikuwa imekoma, naye anadai uji. Stefania alilia kwa furaha. Yuditha alikwenda kwa Mama Noorjahan akingoja sifa.

"Umesimama vizuri leo," mama huyo alisema. "Sasa yale majina kumi na moja yafute yote."

"Lakini mama, walikubali wenyewe!"

"Walikubali tone. Chupa hawakuikubali. Mtu akiombwa kitu cha mwilini mwake, lazima ajue anaombwa nini. Ukimficha, umemwibia hata kama ni kwa jambo jema, na kesho hatakuamini hata ukisema kweli. Leo nusura tumpoteze Kaleb kwa sababu hiyo." "Mimi mwanangu alikufa kwa kukosa watu, Yuditha. Hata hivyo, sitaki hata chupa moja iliyopatikana kwa kudanganya."