Namba ya Akiba

"Kitendawili!" fundi alisema, huku akichomeka waya wa simu nyuma ya kompyuta.

"Tega!" mkewe akaitikia kutoka kwenye cherehani.

"Nyumba yangu ina mlango mmoja. Akiingia mmoja, wengine wote hukaa nje."

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Laini ya simu, mke wangu! Kompyuta ikiingia intaneti, hakuna wa kupiga wala kupigiwa."

Mshonaji akacheka. Siku nyingi sasa mumewe alikuwa akijifungia na hiyo Linux yake, programu ya kuendeshea kompyuta, akidai inagoma kuungana na kampuni ya intaneti. Ukipita mlangoni unamsikia ananong'ona. "Naibembeleza mashine," husema.

Simu ya mkononi ya mshonaji ikalia. Ni meseji ya mdogo wake, binti aliyemlea tangu mama yao afariki: "Dada, lile gauni nipanulie kiuno. Nimenenepa, usinicheke."

"Huyu mtoto anakula nini huko alikohamia?"

Fundi akabeba taulo. "Naenda kuoga. Usiguse kitu."

Mkewe akagusa. Kwa mapenzi tu, ili mume akitoka bafuni akute imekubali. Alishamwona anavyofanya: unaandika neno moja, unabonyeza. Modemu, kile kiboksi chenye vitaa, ikapiga namba ya kampuni. Kioo kikaandika: laini inatumika. Chini yake paliandikwa: namba ya akiba. Akaichagua.

Akangoja ule mlio wa kukwaruza masikio. Badala yake spika ya modemu ikatoa sauti ya mtu.

"Haloo? Mume wangu? Ametoka?"

Mshonaji akaganda.

"Mbona kimya? Inua mkono wa simu basi, kama siku zote. Mtoto ameanza kucheza."

Sauti ile ilijifunza kusema mapajani pake. Akainua mkono wa simu.

"Hajatoka."

"Dada?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Dada, nisamehe, ni yeye ndiye alini..."

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Mitano."

Mlango ukafunguka. Fundi akaingia mbio, povu bado sikioni.

"Nimesikia modemu! Imekubali?"

"Imekubali. Kuna mtu anakungoja."

Akauona mkono wa simu.

"Mke wangu, nisikilize kwanza..."

"Kitendawili."

Hakuitika.

Mkewe akaulaza mkono wa simu mezani, akarudi kwenye cherehani. Akafumua mshono wa kiunoni, akaongeza kitambaa, akashona polepole hadi mwisho, uzi akaukata kwa meno. Mumewe alikuwa bado amesimama palepale, maji yakimchuruzika sakafuni. Akamtundikia gauni begani.

"Mpelekee. Nimeacha nafasi ya miezi iliyobaki. Ufunguo wa hapa uache mezani."

Pale mezani, mkono wa simu ulikuwa unalia kwa sauti ndogo: "Dada... dada..."

Hakuna aliyeuinua.