Simu Iliyomkaribisha Edinah Tanzania

Siku ya soko Rodi Kopany, saa nne asubuhi, Edinah Mokaya alisimama kati ya mama wa nyanya na mama wa viazi vitamu, ameziba masikio yote mawili kwa spika ndogo, akimsihi mzee mmoja wa Kanada atulie. Mzee huyo alikuwa amefungiwa nje ya chumba cha hoteli akiwa na taulo peke yake. Edinah alivaa gauni la njano lenye marinda na raba nyeupe zenye umri wa siku mbili. Nazitaja raba hizo kwa heshima, kwa sababu dakika moja baadaye mojawapo ilifariki.

Ilikuwa wiki yake ya kwanza katika kazi ya kuhudumia wateja wa hoteli za ng'ambo kwa simu na kompyuta. Alikuwa akitoka Homa Bay kwa dada yake, gari likapata pancha, na zamu ikamkuta hapo hapo sokoni.

Pikipiki ya stima ilitokea nyuma yake. Haikunguruma, haikutoa hata moshi wa kumwonya mtu. Ilikanyaga raba ya kulia na kutulia juu yake kama mwalimu wa zamu juu ya godoro la mwanafunzi anayejifanya mgonjwa.

"Toa," Edinah alisema.

"Si ungetoka kwa barabara, madam. Nimekuita mara mbili."

"Sikusikia."

"Utasikia aje na hizo vitu kwa masikio? Siku hizi watu wanaongea na hewa."

"Na wewe unatembea na pikipiki haina sauti, kama mwizi."

"Haina sauti, haina mafuta, haina moshi. Hii ndiyo maisha ya kesho."

"Maisha ya kesho iko juu ya mguu yangu. Toa."

Mama wa nyanya alicheka mpaka akaketi. Mzee wa Kanada, aliyesikia yote hayo, aliuliza kwa adabu kama apige baadaye.

Mwendeshaji aliitwa Cephas Owaga. Alifanya kazi mjini Homa Bay, mahali ambapo waendesha pikipiki za stima hubadilisha betri. Alivaa jaketi la kijani la kazini, suruali ya jinzi iliyokunjwa chini, na viatu vilivyong'aa kiasi cha mtu kujitazama akichana nywele. Aliinama, akaifuta raba ile kwa kitambaa chake cha mfukoni, akaifanya iwe mbaya zaidi. Kisha akampeleka Edinah hadi Rongo akapande gari la Migori. Waligombana njia nzima kuhusu nani alikuwa amekosea. Walipofika walikuwa wamepeana namba.

Mapenzi yao yalikua kwa simu, jinsi ukungu unavyokua kwenye mkate wa bweni: kimya kimya, kisha ghafla kila mahali.

"Unafanya nini, jaber?" Cephas angeuliza. Jaber ni mrembo, kwa Kijaluo, na Edinah alipenda neno hilo kuliko alivyokubali kusema.

"Niko kazini."

"Kazini wapi na nasikia sufuria?"

"Ni jirani anapika. Cephas, niko na dakika mbili."

"Kazi gani mtu anafanya na slipasi?"

"Ile walinipa. Sikiza, nikwambie ndiyo usiniulize tena. Hii kompyuta ni yao. Nikikaa dakika tano bila kuigusa, taa yangu inageuka njano na bosi anaona. Na haifai kufanya kazi nje ya Kenya, hata hatua moja. Wanafunga."

"Sawa, mama kompyuta."

Hapa ukweli lazima usemwe, hata kama unauma. Wakati Edinah akieleza hayo, Cephas alikuwa anakula mandazi, na katika maneno yote hayo alishika neno kompyuta.

Miezi mitatu ya majaribio ikakaribia kwisha. Zilibaki siku tano za kazi kabla Edinah hajajua kama ameajiriwa au amerudishwa kuuza ndizi kwenye kibanda cha wazazi wake mjini Migori. Ndipo Cephas akataka ampeleke kwa mama yake, Mama Benta, anayeanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay. Kupata siku ilikuwa shida. Jumamosi ni Sabato ya akina Edinah. Jumapili Mama Benta huenda misa. Siku nyingine yuko sokoni. Ikabaki Alhamisi.

"Alhamisi niko kazini," Edinah alisema.

"Si wewe ndiye unasema kazi yako ni ya popote? Muhuru pia ni popote."

"Network je?"

"Babe, Muhuru network imejaa. Mistari yote minne. Unaketi kwa nyumba ya mamangu, unaongea na wazungu wako, jioni tunakula samaki."

Edinah akakubali neno lake. Alfajiri ya Alhamisi walipanda pikipiki ya mafuta aliyoazimwa na rafiki yake Austine, maana ile ya stima isingefika. Edinah alivaa sketi ndefu ya buluu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, mavazi ya mtu anayetaka kupendwa na mama wa mtu. Kompyuta aliibeba kifuani kama mtoto.

Mama Benta alimpokea kwa mikono yote miwili. Akamwekea meza karibu na dirisha, akawapigia kuku kelele watoke, akarudi uani kugeuza omena kwenye nyavu. Mistari ya mtandao ilikuwa minne kweli. Edinah aliunganisha kompyuta na simu yake, akafungua kazi, akamsalimia mteja wa kwanza.

Simu ikatoa mlio. Ujumbe ulisema: Karibu Tanzania.

Sekunde kumi baadaye kompyuta ikawa nyeusi, na katikati yake pakaandikwa kwamba akaunti imefungwa kwa sababu mtumiaji yuko nje ya nchi.

Bosi wake, Cate, alipiga akiwa Nairobi.

"Edinah, uko Tanzania?"

"Hapana. Niko Migori."

"System inasema Tanzania."

"Niko Muhuru. Muhuru ni Migori, ni kaunti ile ile."

"Kwa form uliandika Migori mjini. Sasa unaniambia uko ziwani."

"Cate, simu imeshika mnara wa upande ule wa mpaka. Mimi sijavuka kitu."

"Kila mtu tunayemfunga husema ni mnara. Usiiguse kompyuta. Jumatatu saa tatu tutaamua."

Edinah alitoka uani. Cephas alikuwa amekunja mikono ya shati, anamsaidia mama yake na nyavu, anapiga mluzi.

"Hapa simu hushika Tanzania?"

"Kila siku," Cephas alisema kwa furaha. "Hata ukilala. Hapa hata mbuzi wanakaribishwa Tanzania."

"Ulijua."

"Si kila mtu anajua?"

"Nilikwambia kompyuta haifai kutoka Kenya. Nilikwambia wanafunga."

Cephas alijaribu kukumbuka. Uso wake ulikuwa wa mwanafunzi aliyeulizwa swali la tano wakati daftari lake liliishia swali la pili. Kisha akasema maneno ambayo mtu mwenye akili angeyameza na kunywa maji juu yake.

"Pole, babe. Lakini si sasa ni kama likizo? Keti tule samaki."

Mama Benta aliacha kugeuza omena. Hata yeye alijua maneno hayo hayakufaa.

"Likizo," Edinah alisema polepole. "Miezi mitatu nimeamka saa kumi. Nimetukanwa na watu wa nchi sijawahi kuziona, na nikawaambia asante. Nimekula nikiwa nimeshika hiyo panya ya kompyuta ndiyo taa isigeuke njano. Ukikanyaga kazi yangu unasema likizo. Kama ningekuja kwa betri zako nikazitupa ziwani, ungeita likizo?"

"Hiyo ni tofauti. Hiyo ni kazi ya..."

"Maliza."

Cephas akageukia nyavu. Alikuwa mjinga, lakini ujinga wake ulikuwa na mwisho.

Edinah alimuaga Mama Benta kwa heshima, akamwomba msamaha kwa kuondoka bila kula, akatembea hadi barabarani na sketi yake ya buluu ikifagia vumbi. Alipanda gari la kwanza. Cephas alipiga simu mara saba. Mara ya nane Edinah akapokea.

"Unanipigia kufanya nini?"

"Kukuomba unisikize."

"Mimi nilikuwa nasikiza. Miezi mitatu. Wewe ndiye ulikuwa unangoja ninyamaze." Akakata.

Ijumaa asubuhi Cate alimpigia Cephas. Edinah alikuwa amemwandika kwenye fomu ya kazi kama mtu wa kupigiwa wakati wa dharura, heshima ambayo Cephas hakuwahi kuambiwa, au aliambiwa wakati wa mandazi mengine.

"Unaweza kuthibitisha mfanyakazi wetu alikuwa wapi Alhamisi?"

"Alikuwa kwa mamangu, Muhuru Bay, Kenya. Mimi ndiye nilimpeleka. Alisema ana kazi, nikamwambia kazi yake ni ya kuketi, aketi popote. Makosa ni yangu."

Cate hakuridhika. "Hiyo ni hadithi. Niletee kitu naweza kuonyesha watu."

Jioni, baada ya kazi, Cephas alimpigia Edinah kumwambia. Jua lilikuwa limeshuka, na simu ya Edinah ilikuwa imezimwa. Akapiga Jumamosi asubuhi, mchana, na mchana tena. Aliamini amezuiwa. Akakasirika, akampigia simu Austine kumlalamikia, na Austine akamuuliza kwa upole kama leo si Sabato ya wale watu. Cephas aliketi juu ya betri. Alikuwa na mpenzi ambaye kila wiki alizima simu jua likishuka Ijumaa, na bado ilibidi akumbushwe na mtu mwingine. Hasira aliyokuwa nayo ikageuka ikamtazama yeye mwenyewe.

Jumapili Austine alikuwa ametoka na pikipiki yake. Cephas akapanda ile ya stima kwenda Muhuru kutafuta ushahidi ambao Cate aliutaka, akafunga betri ya pili nyuma kwa kamba ya mpira. Betri ya kwanza ilimfikisha Migori. Ya pili ilikata roho kilomita kumi na moja kabla ya Muhuru. Maisha ya kesho yakasukumwa kwa mkono, kwenye jua la saa nane, na kila aliyepita kwa pikipiki ya mafuta alipunguza mwendo ili acheke vizuri. Wengine walirudi kucheka mara ya pili. Cephas aliwatukana kwa lugha tatu.

Alipofika alisimama mbele ya ofisi ya chifu, akaanza kurekodi video, akaelekeza kamera kwenye bendera ya Kenya, kisha kwenye simu ya mama yake iliyoandikwa Karibu Tanzania. Hapo Mama Benta akamnyang'anya kamera. Alikuwa amevaa leso mbili na hasira moja.

"Wewe dada wa Nairobi," alisema. "Mimi nimezaliwa hapa. Nimezaa watoto watano hapa. Nimepiga kura hapa, hata mara ile nilijuta. Na kila asubuhi hii simu inanikaribisha Tanzania. Sijawahi kuenda. Huyo msichana aliketi kwa meza yangu. Hakuvuka mpaka, hakula hata samaki. Kama ni kufunga, fungeni mnara."

Video ilimfikia Cate usiku ule ule, na Jumatatu saa tatu na dakika kumi akaunti ikafunguliwa. Edinah akaruhusiwa kumaliza siku za majaribio zilizobaki, na kampuni ikaandika sheria mpya kuhusu watu wanaoishi mpakani. Cate alimtumia ile video. Edinah aliitazama mara moja kwa macho makavu, na mara ya pili kwa macho yaliyolowa.

Saa nane mchana mlango wake ukagongwa. Cephas alikuwa na jaketi la kijani lenye vumbi la safari hadi kifuani, na viatu ambavyo hakuna mtu angejitazama ndani yake. Edinah alisimama mlangoni na spika shingoni.

"Ulienda kwa bosi wangu."

"Alinipigia."

"Ungeniambia kwanza."

"Simu yako ilikuwa..." Akajizuia. "Ilikuwa Sabato. Nilisahau. Edinah, mimi ni mtu wa kusahau, lakini hii sisahau tena."

"Unadhani video moja inamaliza hasira yangu?"

"Hapana. Kasirika. Kasirika mpaka Krismasi. Lakini kasirika ukiwa kwangu, nikiona, ndiyo nijue. Nataka kukuoa."

"Unanioa ukinipigia kelele?"

"Wewe ndiye umeanza kelele."

Nyuma ya Edinah kompyuta ikalia. Aligeuka, akaitazama taa, akamtazama Cephas.

"Niko na mteja. Natoka saa kumi na moja."

Akafunga mlango. Cephas aliinua mkono agonge tena, akaurudisha chini. Akaketi kwenye kizingiti, jua likimpiga usoni.

Jirani, Mama Arasa, alitoka na beseni la nguo. "Si ugonge, kijana? Yumo ndani, namsikia akiongea."

"Ameenda kazini, mama."

"Kazini wapi?"

"Hapo ndani."

Mama Arasa aliutazama mlango, akamtazama yeye, akaanika nguo zake zote na bado hakuelewa. Mara moja alimtolea maji. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Cephas alisikia sauti ya Edinah ikimwambia mtu asante, ikimwambia mwingine pole, ikimweleza wa tatu jambo lile lile mara nne bila kupanda. Hakuwahi kuisikiliza hata siku moja. Aliona aibu, na aibu ile ikamkalisha vizuri zaidi kuliko kiti.

Saa kumi na moja na dakika mbili Edinah alitoka. Alikuwa amebadilisha slipasi, akavaa viatu vya kutokea. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaketi kando yake kwenye kizingiti, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Na jibu ni ndiyo. Usinishike sasa. Nikishikwa nitakugonga."

Cephas aliweka mikono yake magotini, akiisikiliza hasira ya mchumba wake ikipumua.