Jibu Lililokuja Kama Sauti

Bisha ukitaka, lakini ukimaliza uniambie sauti ilitoka wapi. Beshte yangu Tahir ni fundi wa kompyuta kwa kiwanda cha maziwa huko Thika, pale mimi napakia kreti. Niliacha shule form two na bado namshinda ujanja.

Programu yake inasoma baridi ya stoo ya barafu na kuijibu ofisi yetu kuu ya Ruiru kila ikiuliza. Kila jibu hubandikwa aina yake: maandishi, picha au sauti. Tahir aliweka maandishi. Mle stoo kuna kipimajoto tu, hakuna maikrofoni.

Jumatatu Ruiru wakapiga simu. "Tahir, mbona jibu lako linasema ni sauti?"

Akakagua programu: bado maandishi. Akaomba jibu tena, likaja sauti.

"Si ufungue, boss," nikamchokoza. "Ama unaogopa friji?"

Akafungua. Mashine zilinguruma, kisha ngumi zikagonga mlango wa chuma, polepole. Mwanamke akasema, "Nifungulieni, huku ni giza."

Tulimjua. Ni Waithira wa usafi, aliyefungiwa humo mwezi jana saa nzima, akafutwa kazi eti aliingia bila ruhusa. Yuko hai, kwao Gatuanyaga.

Huwa naishia hapo. Lakini kuna kitu naruka. Komeo nililisukuma mimi, kwa mzaha, na walipomfuta nikanyamaza. Na kwa ile sauti, kila Waithira akigonga, kuna mtu anacheka nje ya mlango. Tahir alisikiliza, akageuka kuniangalia. Hicho kicheko ni changu.