Neno la Kumcheka Mume

"Swali la mwisho!" Barnaby alipaza sauti kwenye maikrofoni ya baa. "Mwanaume anayempenda mkewe kupita kiasi anaitwaje?"

Hugh, mwalimu wa Kilatini, alimnong'oneza mkewe. Rowena akaandika neno la Kiingereza: uxorious.

"Sahihi! Na kama hamjawahi kumwona mtu wa hivyo, mtazameni mwalimu mwenzangu pale. Hata kwenye chemsha bongo kamshika bosi wake mkono, asije akapotea!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Hugh naye akacheka, akauachia mkono wa Rowena.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mvua ya mji wa York ikiwanyeshea.

"Neno lile limetoka wapi?" Rowena aliuliza.

"Uxor. Ni mke, kwa Kilatini."

"Basi ni neno zuri."

"Wapi! Halimsifu mtu. Ukiitwa hivyo, ujue wanasema mkeo kakukalia kichwani."

"Na mwanamke anayempenda mumewe kupita kiasi?"

"Analo lake, ila karibu hakuna anayelitumia."

"Kwa nini?"

Hugh alifikiri. "Labda kwa sababu hakuna anayemshangaa."

Rowena akabadilisha mazungumzo.

"Makumbusho ya Aberdeen wanataka jibu Ijumaa. Niichukue ile kazi, nihamie kule Scotland, au nibaki?"

Wiki nzima Hugh alikuwa amepanga kusema abaki. Lakini kile kicheko kilikuwa bado masikioni mwake.

"Amua mwenyewe, mpenzi. Sitaki kuwa mume wa kung'ang'ania."

Ijumaa, ujumbe wa Rowena ukamkuta Hugh katika chumba cha walimu: "Wananisubiri. Ukisema nibaki, nabaki."

Akaandika: "Baki."

"Unamwomba bosi ruhusa ya kunywa chai?" Barnaby akamtania, akichungulia simu.

Hugh akafuta. Akatuma: "Fanya unaloona bora."

Jumapili alimbebea sanduku hadi stesheni, akamnunulia chai. Rowena alikuwa ameshapanda treni, amesimama mlangoni.

"Rowena, nilitaka ubaki. Tangu mwanzo."

"Nilingoja useme."

"Nilidhani unajua."

"Najua, Hugh. Nimechoka kujua peke yangu."

Kipenga kikalia, mlango ukajifunga kati yao. Treni ikaondoka. Hugh alibaki amesimama, chai aliyosahau kumpa ikipoa mkononi mwake.