Dafu la Babu Pesamino

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Fuatino alimkatia babu yake nanasi: vipande vichache tu, kwenye bakuli dogo. Siku nyingine ilikuwa nusu tufaha. Ndizi, papai na maji ya dafu, marufuku! Figo za Babu Pesamino zilikuwa zimechoka, hazikuweza tena kutoa potasiamu, madini yaliyojaa katika vitu hivyo. Yakizidi mwilini, moyo unaweza kusimama.

Hamu ya dafu ndiyo iliyomtesa babu. Kwa hiyo Fuatino alimwahidi, "Babu, usipokunywa wewe, na mimi sinywi." Akatimiza. Kukataa dafu kwenye jua la kisiwa cha Upolu si mchezo! Wenzake walimcheka: "Mgonjwa mdogo huyo, mpisheni!"

Siku moja, Fuatino na mama yake walipompeleka babu hospitali kusafishwa damu, Nesi Teuila alitazama vipimo, akakunja uso. "Potasiamu imepanda tena. Nani anampa matunda?"

"Mimi," alisema Fuatino.

Mama akamgeukia. "Fua! Unamlisha nini baba yangu? Unataka kumuua?"

Fuatino alimtazama babu, akingoja amtetee. Babu akajitia kufunga kifungo cha shati. Njia nzima ya kurudi, mtoto wa watu alilia kimyakimya.

Jumapili, baada ya ibada, wanakwaya walikuja kumjulia babu hali, na madafu yao. Fuatino alipokwenda nyuma ya jiko kuchuma majani ya mgomba ya kuandalia chakula, akamkuta babu ameinua dafu, anagugumia. Chini palikuwa na jingine, tupu.

"Babu!"

"Fua, taratibu, wageni watasikia."

"Wasikie! Nimegombezwa kwa ajili yako, ukanyamaza! Mimi sijagusa dafu tangu uugue, kumbe wewe unajificha huku unakunywa. Umenisaliti, babu!"

Mzee alikaa kwenye gogo. "Wameleta kwa upendo. Mimi ni mkuu wa ukoo. Nikikataa, si nimewatukana?"

"Na ukifa, hayo madafu watamletea nani?"

Babu alilitua dafu chini. Alinyanyuka, akarudi kwa wageni, akaketi mahali pake.

"Nisikilizeni. Fuatino hana kosa. Nimekuwa nikinywa madafu kwa siri, nikamwachia mtoto lawama zangu." Mama akainamisha uso. "Kuanzia leo, dafu mkileta nitalipokea, nitaliinua juu ya kichwa kwa heshima, kisha atakunywa mjukuu wangu. Mkitaka nile mimi, leteni nanasi."

"Na lenyewe kidogo tu!" Fuatino alidakia, bado amenuna. Wageni wakacheka.

Mama akamshika bega. "Nisamehe, mwanangu. Nilikulaumu kabla ya kuuliza."

Babu alichukua dafu zima, akaliinua, akalitoboa, akamnyooshea. Fuatino hakulipokea.

"Hutanidanganya tena?"

"Sitakudanganya. Zawadi inapokelewa kwa heshima, mjukuu wangu, lakini si lazima iingie tumboni. Nikila kwa siri kinachoniumiza, namdanganya anayenitunza."

Hapo Fuatino akalipokea. Akanywa lote, macho kwa babu, asimwachie hata tone.